Bilioni na Saba, Bilioni na Tisa

9 Machi

Shemeji Kifutio,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ngazi, na hapa ninapoishi ngazi ni arobaini na sita. Hali yako siijui. Barua yako ya mwisho ilinifikia miaka sita iliyopita, mistari minne, kunijulisha kwamba binti yenu ameolewa. Nami nilijibu kwa mistari minne. Tangu hapo kimya, na nisingekivunja leo kama si ile namba.

Najua unaikumbuka. Tulikuwa makarani wa hesabu katika ofisi ya upimaji ardhi, na wewe ndiyo kwanza umemwoa mdogo wangu. Karani Mkuu akatuletea mashine ya kugawanyia iliyotoka kwa fundi, ile ya kuzungusha kwa mkono tuliyoiita Kinu kwa mlio wake, akasema: "Ijaribuni. Gawanyeni bilioni moja na saba kwa chochote mtakacho." Tukagawanya kwa saba, kwa kumi na tatu, kwa tisini na saba. Kila mara pakabaki baki. Ukapangusa jasho ukasema, "Huyu hagawiki. Mkaidi kama mdogo wako." Hapo ndipo tulipokula yamini kuhakikisha kama ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.

Ilitubidi kuijaribu kwa kila namba tasa kuanzia mbili hadi 31,607. Zaidi ya hapo hakuna haja, kwa sababu tasa inayofuata ukiizidisha kwa yenyewe inapita bilioni yetu. Ni vigawanyo 3,401. Tuliifanya kazi hiyo saa ya chakula kwa kanuni ya ofisi: kila mtu na daftari lake, karatasi zimelala kifudifudi, hakuna kuchunguliana. Mwishoni tunasomeana. Majibu yakilingana, saini mbili. Yakitofautiana, meza moja: wote wawili wanakaa pamoja, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anazungusha Kinu, na hainuki mtu mpaka kosa lipatikane.

Miezi kumi na sita baadaye tukatia saini. Tukampa jina, Kurwa, kwa kuwa tulishuku kwamba bilioni na tisa ni pacha wake, naye tukamwita Doto. Doto tungemfanya baadaye. Baadaye hiyo niliikimbia pamoja na mengine.

Sasa nimestaafu kazi yangu ya kukagua mizani, na Doto nimemwanza peke yangu, kwa penseli, vigawanyo saba kwa siku, mwaka na miezi mitatu sasa. Unajua vizuri kwamba ningeweza kukwepa. Doto anamzidi Kurwa kwa mbili, basi kila baki lake linazidi baki la Kurwa kwa mbili, ukiacha vigawanyo vitano tu, 2, 3, 7, 109 na 167, vinavyoigawa sawasawa ile namba iliyokaa katikati yao. Mvivu angechukua daftari la Kurwa, akaongeza mbili kila mstari, akaenda kulala. Mimi nagawanya kwanza, ndipo nafungua daftari la zamani kulinganisha. Mara elfu tatu na zaidi tofauti imekuwa mbili.

Wiki iliyopita nilifika 30,011. Doto amebakiza 3,478. Daftari langu la Kurwa, kwa mwandiko wangu, linasema 3,467. Ilipasa liseme 3,476. Nimerudia mara nne. Tarakimu mbili zimebadilishana viti.

Shemeji, kosa hilo silijui lilivyoingia, kwa sababu ukurasa ule sikuukokotoa. Niliunakili kutoka kwako. Siku kumi na moja mfululizo ulipotoka kwenda kunawa mikono nililifunua daftari lako, nikachukua mabaki yako, nikayaandika kana kwamba ni yangu. Kisha nikatia saini.

Jirani yangu alinionyesha kwenye simu yake kwamba Kurwa na Doto ni tasa wote wawili. Ilimchukua muda wa kupepesa jicho. Kwa hiyo namba haiko hatarini. Kilicho hatarini ni saini yangu, na nimeona nikuambie kabla mmoja wetu hajaondoka duniani.

Shemeji yako,
Kalamu Mbili


2 Aprili

Shemeji Kalamu Mbili,

Nimepokea salamu na goti. Sisi tunaendelea. Mdogo wako macho yanamsumbua, lakini bado anashona, na uzi anautia kwenye tundu la sindano kwa matusi. Hajui kwamba nakuandikia. Jina lako halitajwi hapa, nadhani unalijua hilo.

Umeandika kurasa tatu kuniambia jambo ambalo nimelijua miaka thelathini na minane. 30,011 si kosa. Nililitia mimi.

Umesahau kosa la mtego? Karani Mkuu alipomshuku karani wa pili kwamba ananakili, aliandika tarakimu ya uongo kwenye karatasi ya karani wa kwanza na kuiacha mezani. Anayekokotoa mwenyewe hawezi kuipata. Anayenakili anaibeba kama mtu aliyebeba nge mfukoni.

Wiki zile ulikuwa unatoka saa ya chakula, unarudi na vumbi kwenye viatu, na bado daftari lako linasonga sawa na langu. Nikajisemea, ama shemeji amekuwa hodari ghafla, ama kuna namna. Nikaandika 3,467. La kweli nililiandika kwenye kikaratasi nikakificha chini ya kifuniko cha Kinu. Jumatatu ile ya mwisho, tuliposomeana kabla ya kutia saini, nikasoma 3,467, nikanyamaza. Ukasema, "Sawa, endelea." Nikaendelea.

Kwa nini sikusema? Jana yake tulikula kwenye sahani moja. Ungeniambia nini, na mimi ningemwambia nini mke wangu? Nikaona nijifanye hamnazo. Saini yangu imekaa chini ya tarakimu niliyojua ni ya uongo, kwa hiyo kama ni kuhesabiana, tuko wawili.

Doto wako maliza. Unavyogawanya kwa penseli unanichekesha. Simu ninayo, na yenyewe inagawanya.

Shemeji yako,
Kifutio


20 Aprili

Shemeji,

Natumaini mko salama. Mimi ni mzima.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye neno moja, Jumatatu. Ulijua Jumatatu. Jumatano, kwenye kibaraza cha ofisi, nilikuambia: "Mwambie mdogo wangu, kesho saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha mafuta. Lori la kututoa nchini lina nafasi tatu. Njia nimeihakikisha." Ukaniuliza, "Umeihakikisha mwenyewe?" Nikajibu, "Mwenyewe."

Hamkuja. Nilishika nafasi mbili kwa koti langu mpaka saa mbili. Dereva alinitukana, abiria wakanitukana, ndipo tukaondoka. Miaka yote hii nimeamini kwamba mdogo wangu alipata ujumbe akakataa. Nilimwandikia mara nne mwaka ule wa kwanza, hakujibu, nikachukua kimya chake kuwa jibu.

Vumbi uliloliona kwenye viatu vyangu lilikuwa la kutafuta lori lile. Siku kumi na moja nilizonakili ndizo siku kumi na moja nilizotembea kwa madereva, nikawauliza mmoja mmoja njia ikoje. Njia sikuinakili kwa mtu.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja. Kwa nini hamkuja?

Kalamu Mbili


17 Julai

Shemeji,

Hujambo? Nimechelewa. Nimeandika barua hii mara tano na kila mara nimefuta mpaka karatasi ikatoboka. Jina mlilonipa mlinipatia.

Ulivyosema "mwenyewe", nilisikia 3,467. Nilimtazama mtu aliyeniambia "sawa, endelea" bila kupepesa, sasa anataka nimpandishe mke wangu kwenye lori, katika mwaka ule wa vurugu, watu wakitoka na habari zao zisijulikane. Nikajiuliza, hii njia ameikokotoa au ameinakili kwa mtu? Sikuweza kujua. Kikaratasi cha kuficha chini ya kifuniko sikuwa nacho safari hii.

Sikumwambia.

Ndiyo hiyo, nimeiandika. Mdogo wako hakukataa. Hakupata ujumbe. Ijumaa alikwenda kwako akakuta mlango una kufuli, akarudi akaniuliza, "Kaka amekwenda wapi?" Nikasema sijui. Neno moja tu hilo. Nilifikiri nitalifuta wiki inayofuata. Baadaye tukasikia lori lilifika salama, watu wote wazima, na hapo ndipo lilipokuwa gumu zaidi, kwa sababu sasa sikuwa nimemficha hatari, nilikuwa nimemficha kaka yake.

Yeye anaamini ulimwacha bila kuaga. Barua zako nne zilifika. Ziko kwenye mkebe wa vifungo, hazijafunguliwa. Niliwahi kuomba kwa siri azifungue, niliwahi kuomba asizifungue.

Sina cha kukuomba.

Kifutio


5 Agosti

Shemeji,

Salamu.

Nilitaka kuandika barua ndefu, nimeona haina maana. Wewe ulitega tarakimu moja, ukaniadhibu kwa hukumu ya maisha, na pamoja nami ukamhukumu mtu ambaye hakunakili chochote. Mimi nilitia saini kazi ya mwenzangu, na nilipohitaji kuaminiwa sikuwa na kitu mkononi. Nimejaribu kutafuta nani kati yetu ana deni kubwa zaidi, nimeshindwa, nimeacha.

Mwambie. Usimwambie kwa niaba yangu, wala usinipambe. Mwambie tarakimu, Jumatatu, Jumatano, na neno "sijui". Kabla hujamwambia, usiniandikie.

Ninaendelea na Doto, ingawa tangu barua zako sifikishi hata kigawanyo kimoja kwa siku. Leo niko 30,911.

Kalamu Mbili


28 Oktoba

Shemeji,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimemwambia. Ilinichukua mpaka Septemba kupata ujasiri. Alikuwa anatarizi pindo la shela ya mtu. Nilianza na Kinu, nikaenda kwenye 30,011, akanikatiza: "Sema unachotaka kusema, hizo namba zako ni pazia." Nikasema. Alimaliza pindo lote, akakata uzi kwa meno, akachukua mkebe wa vifungo akaingia nao chumba cha pili.

Wiki tatu hakusema nami. Yaani alisema, lakini ananiita Bwana Karani. "Bwana Karani, chakula tayari." "Bwana Karani, mwenye nyumba amekuja." Miaka arobaini ya ndoa, na nimerudishwa kazini. Binti yetu alikuja kutusuluhisha, akamfukuza.

Jumapili iliyopita akatoka na barua zako nne, zimefunguliwa, akaziweka mbele yangu. "Soma kwa sauti," akasema. Nikasoma zote. Nilipofika kwenye koti, akasema basi.

Shemeji, njoo. Barabara siku hizi ni nyepesi, karatasi za safari hazina usumbufu kama zamani. Mimi nakuita. Chumba kipo.

Kifutio


15 Novemba

Shemeji,

Nimefurahi kusikia u mzima, na samahani kwa cheo ulichorudishiwa. Ukifanya kazi vizuri huenda atakupandisha.

Siwezi kuja kwa mwito wako. Usinielewe vibaya, hasira imepungua, nayo umri wangu hauna nafasi ya kuiweka. Lakini mlango ule ni wa mdogo wangu pia, na yeye hajaniita. Miaka thelathini na minane anaamini nilimwacha. Sitamtokea mlangoni kana kwamba barua nne zimemaliza kazi.

Acha nikupe kitu kingine badala yake. Nimegundua jambo kuhusu pacha wetu. Chukua vigae vya mraba, bilioni moja na tisa. Unaweza kuvipanga viwe sakafu mbili za mraba kamili, moja yenye vigae 31,400 kila upande na nyingine 3,747, na kisibaki hata kigae kimoja. Jaribu kwa simu yako. Na hakuna jozi nyingine ya sakafu itakayofaa. Sasa punguza vigae viwili tu, uwe na Kurwa. Hawezi kupangika hivyo, asilani, hata ukipanga mpaka mwisho wa dunia. Sababu yake ni nyepesi: namba yoyote ukiizidisha kwa yenyewe kisha ukagawanya kwa nne, hubaki sifuri au moja. Ukijumlisha mbili za namna hiyo utapata sifuri, moja au mbili, kamwe huwezi kupata tatu. Na Kurwa akigawanywa kwa nne anabakiza tatu.

Tuliwaita pacha kwa sababu tuliwatazama kwa nje. Wanakaa karibu kadiri namba tasa mbili zinavyoweza kukaa huko juu, na bado mmoja anaweza jambo ambalo mwenzake hawezi. Nimekuwa nikifikiria hilo ninapopanda ngazi.

Kimebaki kigawanyo kimoja, 31,607. Sitakigusa. Nakuachia wewe ukifanye kwanza kwa kanuni ya zamani, baki ulikunje unitumie, nami nitakokotoa langu kabla sijalifunua. Nataka Doto awe na saini mbili za kweli.

Mpe mdogo wangu salamu, kama zinapokelewa.

Kalamu Mbili


6 Januari

Kaka,

Sijambo. Macho ni yangu, usiyaulize. Wewe u mzima, nimesoma habari za goti lako kwenye barua zote, maana sasa nazisoma mimi kwanza.

Nimezifungua zako nne. Ningezifungua siku zilipofika, ningekuwa nimekukasirikia kwa wiki moja na mume wangu kwa mwaka mmoja, tungekuwa tumemaliza. Niliziweka kwenye mkebe kwa sababu nilitaka uone kimya kinavyouma. Kumbe nawe ulikuwa na cha kwako. Hilo ni langu, simsukumii mtu.

Mnajua kupanga vigae bilioni, nyinyi wawili, na mlishindwa kunifikishia sentensi moja. Na wewe, kaka, ulishindwa nini kuja kuniambia mwenyewe? Nyumba yangu ilikuwa mtaa wa tatu. Ulimpa ujumbe mtu mwingine kwa sababu ulikuwa na haraka, kama ulivyokuwa na haraka na lile daftari. Nimelifikiri sana hilo. Nimeona nilitaje mara moja, nisilitaje tena.

Koti ulilotumia kushikia nafasi, nililishona mimi. Nilidhani uliliacha ulipofika.

Kigawanyo chenu nimemnyang'anya Bwana Karani. Yeye atakutegea tena, namjua. Nimegawanya mwenyewe, kwa karatasi ya kukatia nguo, alasiri mbili, hakunionyesha mtu. Baki nimeliandika ndani ya karatasi ya buluu nikaishona kwa uzi pembeni. Usiikate kabla hujapata lako.

Kuhusu kuja, nasikia unangoja nikuite. Mimi sijawahi kumbembeleza mtu aje kwangu, na kwa umri huu sitaanza.

Usinakili.

Mdogo wako


30 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini macho yamekaa vizuri, ingawa nimekatazwa kuuliza. Mimi ni mzima, na goti leo halikusema kitu.

Kila ulichoandika ni kweli, hasa mtaa wa tatu. Koti ninalo. Vifungo viwili vimedondoka, kwapa limefumuka, lakini nakaa nalo kwenye kiti ninapokokotoa. Sikuwahi kuliacha popote.

Karatasi yako ya buluu niliiweka kifudifudi upande wa pili wa meza, nikaifunika kwa kitabu ili nisiione. Nikagawanya bilioni moja na tisa kwa 31,607. Inaingia mara 31,638. Nikarudia kutoka mwanzo kwenye karatasi safi, nikarudia tena kwa kuzidisha. Baki langu ni 17,743. Nikaandika, nikatia saini, ndipo nikakata uzi wako.

Lako ni 17,741.

Tofauti ni mbili. Ama umemgawanya Kurwa badala ya Doto, jambo ambalo linaweza kumpata yeyote anayesoma namba ndefu kwenye karatasi ya kukatia nguo. Ama umekaa miaka arobaini na mtu anayejua kutega, na umejifunza kazi. Nililitazama jibu lako mpaka chai ikapoa. Sitaki uniambie ni lipi.

Kanuni ya ofisi unaijua, mumeo ameshakusomea. Majibu mawili yakitofautiana, hakuna anayeweza kutia saini akiwa mbali. Ni meza moja, watu wote, mmoja anasoma kwa sauti, na hainuki mtu mpaka kosa lipatikane. Leo asubuhi nimeshuka ngazi arobaini na sita kwenda kuulizia safari. Basi linaondoka tarehe kumi na tatu Februari, Alhamisi. Nimelipia nafasi yangu mwenyewe na nimeisoma tiketi mara mbili.

Msiguse hesabu mpaka nifike. Mwambie Bwana Karani achonge penseli tatu. Na tafuta vifungo viwili vyeusi kwenye ule mkebe, maana sasa barua zimetoka, mkebe una nafasi.

Kaka yako